Ubeti na Boriti

Neno ubeti limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Wataalamu wa arudhi wa Kiarabu waliuita mstari mmoja wa shairi nyumba, na nusu ya mstari wakaipa jina lile lile la kipande kimoja cha mlango wa vipande viwili. Kiswahili kililipokea neno hilo kikalihamisha kidogo: ubeti ukawa si mstari mmoja bali kundi la mishororo, aghalabu minne, na mlango ule wa vipande viwili ukabakia ndani ya kila mshororo wa shairi, ukwapi upande mmoja na utao upande wa pili. Jina hili limezoeleka mno hata sikio halilisikii tena. Anayesema ubeti hufikiria vina na mizani. Hafikirii kuta, dari wala mahali pa kuweka kitanda. Hata hivyo, katika pwani hii wajenzi wa nyumba na watunzi wa tungo walikabiliwa na mtihani mmoja kwa karne nyingi, nao ni mtihani wa ufinyu: namna ya kuishi vizuri katika nafasi isiyoweza kupanuliwa.

Mtihani huo wafaa kukumbushwa, kwa sababu mjadala wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970, na ambao haujazimika kabisa, ulikuwa kwa sehemu kubwa mjadala wa vipimo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha kuziweka kanuni katika kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kwa walioshika njia hiyo utungo usioimbika haukustahili jina la shairi. Euphrase Kezilahabi alipoitoa Kichomi mwaka 1974, alileta tungo zisizofuata kipimo hicho, naye akapata watetezi na wapinzani. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya 1988, aliwakumbusha wasomaji kuwa bahari za tungo za Kiswahili ni nyingi kuliko zile mbili tatu zinazotajwa kila siku. Yaliyosemwa na kila upande yamekwisha kuandikwa, na hayana haja ya kurudiwa. Linalostahili kuangaliwa ni jambo ambalo pande zilizoshindana zilikubaliana bila ya kujua: kwamba nafasi ya shairi hupimwa kwa upana wake. Mtetezi wa arudhi aliona fahari katika ukuta. Mpinzani wake aliuona ukuta kuwa ni kifungo. Ni wachache waliouliza ndani ya ukuta wenyewe mna nini.

Nyumba ya mawe ya Lamu ni mwalimu mzuri wa swali hilo. Kuta zake, zenye unene wa kiasi cha nusu mita, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari yake nayo ni ya mawe na chokaa, nzito mno, na uzito wote huo hubebwa na boriti za mikoko. Mkoko ni mti mgumu, usioliwa upesi na wadudu, lakini una kiasi chake. Boriti iliyonyooka haiwezi kuubeba mzigo wa namna hiyo juu ya mwanya mpana, na kwa sababu hiyo upana wa chumba aghalabu haukufika mita 3. Chumba kingeweza kurefushwa, kupanuliwa hakingeweza. Tajiri mwenye majahazi na mashamba alilala katika chumba ambacho upana wake haukuzidi sana ule wa jirani yake mwenye kipato cha wastani. Boriti hizo hizo zilivuka bahari kwa majahazi mpaka Oman na miji ya Ghuba, na huko nako vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kipimo hicho hakikutoka katika amri ya mtu yeyote. Kilitoka katika mti.

Hilo ni jambo la kwanza ambalo mhakiki wa ushairi anaweza kujifunza kwa fundi mwashi. Wakataji wa mikoko huigawa miti yao kwa unene na kuipa majina, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila mmoja na kazi yake, kama vile mtunzi anavyotenga silabi, kipande, mshororo na ubeti. Mgawanyo huo si urembo. Umetokana na kujua kitu kinaweza kubeba nini. Mizani nane za kipande cha shairi nazo zina asili ya namna hiyo: ni kiasi ambacho pumzi ya mwimbaji hukibeba bila ya kukatika, na ambacho kumbukumbu ya msikilizaji hukipokea bila ya kukidondosha. Anayeitetea arudhi kwa kusema kuwa ndivyo walivyofanya wazee ameitetea kwa hoja dhaifu kuliko zote alizonazo. Wazee walifanya hivyo kwa sababu sauti ni boriti, nayo ina urefu wake.

Ama kuhusu ufinyu wenyewe, mafundi wa Lamu hawakuupiga vita kwa kusukuma kuta. Waliushinda kwa njia ambazo kila moja ina kitu inachokitoa. Katika ukuta wa ndani walichonga safu za vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu, vikapambwa kwa nakshi za chokaa na kuwekwa sahani za kaure, taa na vitabu. Jicho ambalo lingegota ukutani likapata pa kuingia, na ukuta mnene uliokuwa umekula nafasi ya chumba ukairudisha. Msana mrefu uliwekwa vitanda katika ncha zake mbili na kuzibwa kwa mapazia: usiku vyumba viwili, mchana pazia likifunguliwa chumba kimoja. Kutoka daka na tekani zilizoko njiani, kupita kiwanda, msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani na nyumba kati, kila sehemu ilipandishwa kidogo kuliko iliyotangulia, hata mwenye kuingia akahisi amepita nyumba nyingi katika hatua chache. Kiwanda kiliachwa wazi, hakikuezekwa. Mwenye eneo dogo alikubali kuipoteza sehemu yake kwa mbingu ili sehemu zilizobaki zipate hewa na mwanga. Palipokuwa na ndugu upande wa pili wa njia, ilijengwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili, na wapita njia wakaendelea kupita chini yake. Na nje kabisa, mbele ya mlango, palijengwa baraza, sehemu ya nyumba iliyokabidhiwa mji.

Ukizihesabu njia hizo, hakuna hata moja iliyoongeza nafasi kwa kujaza. Kidaka ni ukuta uliotolewa. Kiwanda ni paa lililotolewa. Baraza ni ardhi iliyotolewa. Hii ndiyo kanuni ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha ujenzi, lakini imeandikwa katika kila nyumba: katika pahali padogo, nafasi hupatikana kwa kuitoa. Na hapa ndipo uhakiki wa ushairi unapopaswa kuingia, kwa sababu kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha ubeti mzuri na ubeti uliotimia hesabu tu.

Shairi la tarbia, la mizani 16 katika kila mshororo, lina mizani 64 katika ubeti mmoja. Hiyo ndiyo nyumba nzima. Mtunzi anayetumia kipokeo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti, anazitoa mizani 16 kati ya hizo, robo ya nyumba, kwa maneno ambayo msikilizaji amekwisha kuyasikia. Katika shairi la beti kumi, mizani 160 katika 640 ni za kipokeo. Kwa hesabu ya duka huo ni ubadhirifu. Mwenye mengi ya kusema na pahali padogo pa kusemea angepaswa kuuondoa mshororo huo kabla ya mingine yote. Lakini kipokeo ndicho baraza ya shairi. Hapo ndipo hadhira inapokaa, inapoitikia, inapopumzika na kuyatafakari yaliyopita huku ikingoja yajayo. Na kipokeo kizuri hakibaki na maana moja: kila kinaporudi, mishororo mitatu iliyokitangulia imekwisha kukigeuza, kama baraza ile ile inavyokuwa ya mazungumzo alasiri, ya kahawa usiku, na ya tanzia siku ya msiba. Mtunzi hakuipoteza robo ya nyumba yake. Ameipa matumizi ambayo peke yake asingeweza kuyaleta.

Kitendawili, ambacho ni utungo mdogo kuliko yote katika lugha hii, kinalithibitisha jambo hilo kwa namna ya mchezo. Nyumba yangu haina mlango: yai. Nyumba yangu ina nguzo moja: uyoga. Maneno manne matano, na katikati yake pameachwa tundu ambalo mteguaji lazima aliingie mwenyewe. Aliyeshindwa hutakiwa atoe mji, na hapo ndipo anapoambiwa jibu. Mchezo huo una hekima isiyoonekana upesi: kinyumba cha maneno manne hununuliwa kwa mji mzima, na anayelipa hajiona kapunjwa.

Kinyume cha haya ni ubeti uliojazwa. Wanaofuatilia safu za mashairi magazetini na redioni wanaufahamu vizuri. Mizani imetimia, vina havikupotea, na bado msomaji haoni pa kukaa. Sababu haiko mbali. Mtunzi alikuwa na fikra ya mizani kumi na moja na nyumba ya mizani kumi na sita, akaijaza tofauti hiyo kwa maneno ya kukalia nafasi: viapo, salamu, majina ya heshima, kitenzi kile kile mara mbili. Au alikuwa na fikra ya mizani ishirini, akaikata miguu ipate kuenea kitandani. Arudhi imempa mtunzi ruhusa zake: inkisari ya kufupisha neno, mazda ya kulirefusha, tabdila ya kuligeuza, na uhuru wa kuupindua mpangilio wa sarufi. Ruhusa hizo ni kama pazia la msana. Likitumika vizuri, hukipa chumba kimoja kazi mbili, maana neno lililofupishwa au lililotanguliza kitendewa huweza kubeba mkazo ambao neno la kawaida halina. Likitumika vibaya, huwa ni gunia lililotundikwa kufichia vyombo visivyo na mahali. Mhakiki hana haja ya kuhesabu inkisari ngapi zimetumika. Swali lake ni moja: neno hili lingepewa nafasi kamili, shairi lingepoteza nini? Ikiwa jibu ni kwamba lingepoteza mizani tu, basi kilichookolewa ni hesabu, na shairi halikupata kitu.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unastahili kusomwa upya kwa jicho hili. Kipimo chake ni kidogo kuliko cha shairi: mizani nane kwa mshororo, mizani 32 kwa ubeti. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Anaanza kwa kumwita binti akae karibu na alete karatasi na wino. Mwishoni anataja hesabu ya beti zake, zaidi kidogo ya 100, na mwaka wa Hijra, kama mwenye nyumba anayehesabu vyumba kabla ya kukabidhi funguo. Wasomaji wa miongo ya karibuni wamebishana juu ya nasaha zake kuhusu utiifu wa mke kwa mume, na ubishi huo ni wa haki. Lakini mbishani aliyesimama hapo tu hajaiona kazi kubwa iliyofanywa na utendi wenyewe. Mwanamke wa tabaka lake, katika zama zake, hakuzunguka njiani ovyo. Maisha yake yalikuwa ndani. Utendi ule, uliosemwa na mama kwa binti mmoja kando ya kitanda cha ugonjwa, ulitoka ndani ukaenda nyumba ya pili, na ya tatu, ukaimbwa na kunakiliwa na wanawake wasiomjua mtunzi. Ni wikio iliyojengwa kwa mizani nane. Waliopita chini yake kwa miaka mingi hawakuona kitu ila nasaha za nyumbani. Waliokuwa juu walikuwa wakivuka.

Ikiwa Mwana Kupona anaonyesha namna nafasi ndogo inavyotanuka, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaonyesha jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kwamba nafasi inaweza kutumika yote na pasiwe na nyumba. Utungo huo huelezwa kila mara kuwa ni maombolezo ya Pate na onyo juu ya hadaa za dunia, na ndivyo ulivyo. Hata hivyo, yafaa kutazama mtunzi anaupima vipi uharibifu. Hakutosheka kutaja kuta zilizoanguka. Aliingia ndani, akatazama vidaka. Palipokaa sahani za kaure sasa pana makinda ya ndege; kumbi za watu zimerithiwa na wadudu waliao. Ukali wa taswira hiyo umo katika ukamilifu wa matumizi. Ndege hakukiharibu kidaka. Amekitumia, na pengine amekitumia vizuri kuliko mwenyewe, maana sahani haizai. Hakuna shubiri iliyokaa bure katika magofu yale. Kilichokosekana ni mtu wa kumwachia mwenziwe nafasi: mwenyeji wa kumkaribisha mgeni, pazia la kufunguliwa asubuhi, sauti barazani. Hivyo basi, anayesifu nyumba ndogo kwa kuwa kila pembe yake imetumika ametaja sifa ambayo hata gofu inayo.

Na katika umbo lake, Al-Inkishafi inafanya lile linalotendwa na nyumba nzuri. Mishororo mitatu ya kila ubeti inashikana kwa kina kimoja, na wa nne unatoka katika kina hicho na kurudi kwenye kina cha kituo kinachokwenda nao utungo mpaka mwisho. Kila ubeti una vyumba vitatu vya faragha na mlango mmoja unaofunguka kwenye njia ile ile. Nyumba anazozieleza mtunzi zimeanguka, lakini ile anayoelezea ndani yake imesimama, imefagiwa, na hakuna boriti iliyolegea. Tofauti hiyo ndiyo inayouma, na haihitaji kusemwa. Mtunzi dhaifu angeuvunjavunja ubeti ili ufanane na magofu.

Hapa pana hatari ambayo mhakiki hana budi kuikabili. Ni rahisi kuusifu ufinyu kwa aliye mbali nao. Nyumba za mawe zilizopewa vidaka na kaure zilikuwa pia na sehemu za chini, zenye giza, walimolala watumwa pamoja na ghala. Huko hapakuchongwa kidaka, na upana wa boriti ulikuwa ule ule. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na jumba lililojengwa kwa mtu mmoja na jamaa zake likagawiwa familia nyingi. Ukumbi ukakatwa kwa mbao na mapazia, jiko likahamia ujiani, na kiwanda kilichoachwa wazi kwa ajili ya hewa kikaezekwa bati kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko vyumba. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Wageni hupiga picha za milango, na nyuma ya baadhi ya milango hiyo watu hulala kwa zamu. Kumwambia mtu huyo kuwa ufinyu hufundisha ubunifu ni kumdhihaki. Kipimo kilichotoka katika mti ni jambo moja, na kipimo kilichotoka katika mgao usio wa haki ni jambo jingine, hata kama futi zake ni sawa.

Ushairi una njia yake ya kuijua tofauti hiyo, na diwani inayoifundisha waziwazi kuliko zote ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mtunzi huyu wa Mombasa alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, na sehemu kubwa ya kifungo hicho aliwekwa peke yake. Mashairi aliyatunga humo kwa siri, akiyaandika katika karatasi za chooni. Diwani ikatoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Mtu angedhani kuwa aliyefungiwa chumba kimoja, na asiye na karatasi ila hiyo, angeukimbia ufinyu wa pili wa mizani na vina. Hakuukimbia. Aliuingia, na humo akapatawala. Wenye kumfunga waliweza kuamua upana wa chumba; hawakuweza kuamua mizani ngapi zikae katika kipande. Zaidi ya hayo, katika diwani hiyo yumo Mnazi: Vuta N'kuvute, majibizano ya ndugu wawili wanaogombania mnazi. Mtu aliyenyimwa mwenziwe wa kusema naye aliyagawa mashairi yake kwa sauti mbili, akajenga baraza ndani ya seli. Hiyo ndiyo kazi ambayo kipimo kilichochaguliwa kinaweza kuifanya, na ambayo kipimo kilicholazimishwa hakiifanyi kamwe: kumpa mwenye nafasi ndogo kitu cha kutoa.

Kwa mizani hii, hukumu juu ya ushairi huru nayo inabadilika. Waliosema kuwa Kezilahabi aliibomoa nyumba walikosea, kama walivyokosea waliomshangilia kwa sababu hiyo hiyo. Mzaliwa huyu wa kisiwa cha Ukerewe, aliyefariki dunia mwaka 2020, aliipa diwani yake ya pili, ya 1988, jina la Karibu Ndani, na jina hilo lina uzito. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini anayekaribisha ndani lazima awe na ndani. Katika tungo zake bora, ambazo nyingi ni fupi, mshororo unakatwa pale pumzi au wazo linapokata, na weupe wa karatasi unaobakia hufanya kazi ya kidaka: umeachwa makusudi, na jicho huingia humo. Boriti yake si ya mizani nane, lakini ni boriti. Ukiiondoa, dari huanguka. Baadhi ya waliomfuata waliuchukua uhuru na kuiacha kazi. Waliona ukuta umeondoka wakadhani nafasi imeongezeka, kumbe kiwanja kitupu hakina kidaka, kwa kuwa hakina ukuta wa kuchongwa. Utungo wa namna hiyo na shairi lililojazwa viapo ili kutimiza mizani ni ndugu wa baba mmoja. Wa kwanza haukuacha chochote kwa sababu haukuwa na kitu. Wa pili haukuacha chochote kwa sababu umejaa. Msomaji wa utungo wowote katika hizo mbili husimama nje.

Ndiyo maana ile desturi ya kuhukumu mashairi kwa kuhesabu kwanza na kusoma baadaye haina budi kupinduliwa mpangilio wake, pasina kuidharau hesabu. Hesabu humjulisha msomaji kama jengo linasimama. Haimjulishi kama linakalika. Kwa shairi la arudhi swali liwe ni kidaka kiko wapi, ni neno gani limeachiwa kimya pembeni yake, na kama kipokeo kilichorudiwa mara kumi kimerudi mara kumi au kimerudi mara moja na kunakiliwa mara tisa. Kwa utungo huru swali liwe ni boriti iko wapi, na ingefupishwa kwa shubiri moja nini kingeanguka. Maswali hayo mawili ni swali moja. Yanauliza kama mtunzi, katika pahali padogo alipopewa au alipopachagua, alibakisha pahali pa mtu mwingine.

Vijana wanaotunga leo visiwani na katika miji ya pwani hawana nyumba kubwa za kurithi, na pengine wengi wao huandika wakiwa wamekaa kitandani, kwa kuwa chumba hakina pahali pa meza. Hakuna haja ya kuwaambia kuwa hali hiyo ni neema. Inatosha kuwaonyesha kwamba katika lugha yao mna nyumba ya mizani 64 isiyo na kodi, ambayo hakuna aliyewahi kuhamishwa kwa nguvu kutoka ndani yake, na kwamba waliotangulia kukaa humo walijulikana si kwa wingi wa vyombo walivyoviingiza, bali kwa robo waliyoiacha mbele ya mlango ili wengine waikalie.